Ukungu Ambao Haukuwepo

Mchungaji aliponitangaza mara ya pili nilikuwa nimekaa benchi la nne upande wa akina mama, nimevaa gauni la kijani alilonishonea mama yangu, na nilitamani paa la kanisa linifunike.

"Tangazo la ndoa, mara ya pili," alisoma. "Bwana Efraimu Nyagawa wa hapa Mjimwema, Njombe, na Bi Rebeka Sanga wa Ipelele, Makete. Mwenye pingamizi afike ofisi ya usharika."

Wanawake waligeuka kunitazama, wakatabasamu. Mbele ya kwaya alikuwa amesimama Mzee Ebeneza, baba yake Efraimu. Miaka ishirini na sita ameiongoza kwaya ile akisoma noti kwenye daftari alilolijaza kwa mkono wake. Sasa daftari linabaki nyumbani, anaongoza kwa kukumbuka. Aliposikia jina la mwanawe na langu aligeuza uso kunitafuta, akatabasamu kwa furaha kabisa. Alikosea benchi. Tabasamu lililokuwa langu lilimwendea mke wa mwinjilisti.

Mwenye pingamizi alikuwepo, ndugu zangu. Alikuwa amekaa benchi la nne na gauni la kijani.

Nianze na Juni. Efraimu ni fundi wa ndege Dar es Salaam, lakini mwezi ule alikuwa Addis Ababa kwenye kozi ya miezi sita. Mimi ni mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha kufungashia parachichi Makambako. Mzee Ebeneza akaanza kuona kitu kama pazia jeusi kinashuka kwenye jicho lake la kulia. La kushoto lilikuwa hafifu tangu ujana, kwa hiyo lile la kulia ndilo lililokuwa jicho. Daktari wa Njombe alitwambia utando wa nyuma ya jicho unabanduka, ila sehemu yake ya katikati bado imeshika; akifanyiwa upasuaji upesi, ataendelea kusoma noti zake. Efraimu alihangaika kwa simu kutoka ugenini, akapata daktari bingwa Dar es Salaam wa kumpokea Ijumaa alasiri, akakata tiketi mbili za ndege ya Ijumaa asubuhi kutoka uwanja wa Songwe, Mbeya. Moja ya baba yake, moja yangu mimi wa kumsindikiza.

Mzee akalala kwangu Makambako ili alfajiri tuondoke na teksi. Alfajiri hiyo nilisimama jikoni, sufuria ya chai mkononi. Sikuwa nimewahi kupanda ndege. Hofu yenyewe sikumbuki niliiokota wapi. Nikampigia dereva nikamwambia safari haipo. Kisha nikaingia sebuleni nikamwambia Mzee: "Baba, wamepiga simu. Songwe kuna ukungu, ndege haitui. Wameahirisha."

Mtu wa mahali pengine angeuliza maswali. Sisi tunaufahamu ukungu wa Juni. Mzee Ebeneza alitikisa kichwa tu, akasema, "Ukungu huo, mwanangu, hauna adabu," akanyanyua begi lake. Tukapanda basi. Basi likaharibika njiani, tukafika Jumamosi mchana, bingwa ameshaondoka mpaka Jumatatu. Hiyo Jumatatu alimpima Mzee kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mimi: "Mngewahi Ijumaa." Siku hizi jicho lile linatofautisha mwanga na giza, basi.

Baadaye nilikutana na dereva yule, Kasimiri, akaniambia alipata abiria wengine asubuhi ile ile akawafikisha Songwe. Ndege ilitua saa nne, jua linawaka.

Hakuna niliyemwambia. Siku zikapita, nikaona nimeshachelewa kusema, na kila siku iliyoongezeka ilinizidishia kuchelewa. Efraimu aliporudi alinichumbia mbele ya baba yake, na baba yake alishika mikono yangu miwili akasema mimi ndiye niliyemhangaikia kuliko mtoto wa kumzaa. Nilikubali pete siku ile huku nikijichukia.

Aliyenipinga alikuwa mmoja, Shangazi Fidelia, dada yake Mzee. Baada ya ibada ya tangazo la pili alisema nje ya kanisa, kwa sauti ya kunifikia, "Tangu binti huyu aingie nyumba ya kaka yangu, nyumba imepungukiwa jicho." Wenzake walimkemea. Mimi sikuwa na ubavu wa kumnunia. Alikuwa amesema kweli bila kujua.

Lilibaki tangazo moja.

*

Jumamosi saa tisa mchana Efraimu alinikuta nyuma ya kiwanda. Kazi ilikuwa imefungwa, wasichana wa kupanga matunda wameshaondoka, nami nimebaki na kofia yangu ya wavu na mabuti, nahesabu kreti za Jumatatu. Alikuwa ametua Songwe asubuhi akaunga na basi.

"Mama Mkaguzi," alisema.

"Mhandisi."

"Mimi fundi tu. Mhandisi anakaa ofisini."

Tulitazamana. Nilikuwa sijamwona wiki saba. Amekonda kidogo, na kola ya shati imekunjwa vibaya upande mmoja. Nilisogea nikainyoosha, kisha nikasahau kuondoa mkono. Aliufunika kwa wake. Mikono ya Efraimu ina harufu ya sabuni ya unga hata akiwa likizoni, kwa sababu ya kusugua grisi. Nikisikia harufu hiyo sokoni nageuka. Alinivua ile kofia ya wavu taratibu, akaichungulia, akaiweka mfukoni mwake kana kwamba ni ya kwake.

"Nirudishie, ni ya kampuni."

"Kaa chini kwanza. Nimekuja na kitu."

Tuligeuza kreti mbili tukakalia. Akatoa karatasi tatu zilizokunjwa. Sikuhitaji kusoma.

"Jumatatu, saa nne na nusu, Songwe," alisema. "Mimi, wewe, Baba. Jumanne ana kliniki ya lile la kushoto. Nataka uwepo. Anakusikiliza wewe kuliko mimi."

"Nitafuata na basi."

"Beka."

"Nitawahi. Nikipanda kesho jioni nita..."

"Beka, tukioana utaishi nami Dar. Mama yako yuko Ipelele. Akiugua utakaa siku nzima barabarani?" Alisema kwa upole. Hakujua anabonyeza wapi. "Niambie unaogopa nini hasa. Kama unavyomwambia daktari."

Nilitazama mabuti yangu. "Siwezi kushuka."

"Kushuka vipi?"

"Basi likinishinda nagonga bodi, konda anasimamisha, nashuka hata kama ni porini. Kule juu nikigonga nani ananishusha?"

Hakucheka. Mtu mwingine yeyote angecheka, na kutokucheka kwake kuliniuma.

"Hilo ni kweli," alisema. "Hushuki. Sitakudanganya." Aliinama akachukua parachichi moja kwenye kreti, akaligeuza geuza. "Hili likifika huko Ulaya likakutwa na tundu la mdudu, mnafanya nini?"

"Tunasoma namba ya kreti. Tunajua ni la mkulima gani, lilichumwa lini, nani alilikagua. Tunarudi mpaka shambani kwake."

"Kwa tunda moja?"

"Kwa tunda moja."

"Basi na sisi ni hivyo hivyo. Kila skrubu ina karatasi. Nikifunga kitu nasaini, na mwenzangu anakuja kukagua nilichofunga, naye anasaini. Injini ziko mbili, na moja ikizima, ile nyingine inaifikisha ndege chini. Marubani wawili. Ikitikisika mawinguni ni matuta tu, kama gari linavyotikisika barabara ya vumbi. Mabawa yanapinda, nayo yametengenezwa yapinde. Kila kitu kina mwenzake wa kukishika kikishindwa." Akanitazama. "Hilo basi mlilopanda na Baba, nani alisaini breki zake?"

Nilirudia kuhesabu kreti.

"Ngoja nikupe siri ya kazi," aliendelea. "Vifaa vyetu vinakaa kwenye ubao. Kila kifaa kimechorewa umbo lake. Spana hapa, koleo pale. Jioni unarudisha, unatazama ubao. Mwaka jana, jioni, nikakuta umbo moja tupu. Bisibisi. Ndefu hivi. Sikujua nimeiacha wapi, na ndege niliyoifanyia kazi ilikuwa imeshaanza kupakia abiria."

"Ukafanyaje?"

"Ningeweza kununua nyingine asubuhi. Nani angejua? Nilisimama pale, Beka, jasho linanitoka. Nikampigia mkuu wa zamu. Wakashusha abiria wote, watu wanatutukana, watoto wanalia. Tukafungua bawa. Ilikuwa imelala kando ya nyaya za kuendeshea."

"Wakakufukuza?"

"Wakanishukuru. Ndiyo kanuni ya kwetu. Ukisema kosa lako mwenyewe hufukuzwi. Ukificha, hata kama hakikutokea kitu, siku wakijua unaondoka. Hawataki mafundi wasiokosea. Hawapo. Wanataka wanaosema." Akalirudisha parachichi mahali pake. "Ndiyo maana mimi napanda na nalala usingizi."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, nadhani, pale aliposema jambo lililonimaliza.

"Sisemi haya kana kwamba mimi ni mtakatifu. Jicho la Baba ni langu."

"Lako kivipi?"

"Mimi ndiye niliyekata ndege ya asubuhi. Mtoto wa Njombe, mwezi wa sita, nakata ya asubuhi. Nani asiyejua ukungu? Ningetafuta ya mchana, angewahi." Sauti yake ilishuka. "Nikimwona anaongoza kwaya bila daftari, natoka nje. Sijamwambia mtu ila wewe."

Mara ngapi alinipigia kutoka Addis akilia, nami nikamwambia, 'Usijilaumu, mpenzi'? Nilikuwa nimemwibia baba jicho, na mwana nikamwachia lawama aibebe.

"Efraimu," nilisema. "Hakukuwa na ukungu."

Alinitazama kama hajasikia vizuri.

"Songwe hakukuwa na ukungu. Niliogopa kupanda. Nilimwambia Baba ndege imeahirishwa. Nikakwambia na wewe."

Alizinyoosha zile tiketi juu ya goti lake. Kisha akaanza kuuliza, kwa sauti ya kazini.

"Saa ngapi ulimwambia?"

"Kumi na moja na robo."

"Baba alikuwa wapi?"

"Sebuleni. Ameshavaa koti."

"Ndege ilitua?"

"Saa nne. Kasimiri dereva aliiona."

"Tangu lini unajua kwamba ilitua?"

"Juni hiyo hiyo."

Alisimama. Alizitazama zile tiketi tatu mkononi mwake. "Woga ningeusamehe leo leo," alisema. "Hata marubani wana woga wao. Lakini nililia kwako, Beka. Miezi minane nalia kwako, na wewe unanifuta machozi."

"Ndiyo."

"Baba anajua?"

"Hapana."

"Utamwambia wewe. Mimi sitakusemea." Alitoa ile kofia yangu ya wavu mfukoni, akaiweka juu ya kreti aliyokuwa ameikalia, akaondoka kuelekea stendi. Nilitaka ageuke. Hakugeuka.

*

Jumapili mama alifika Njombe kutoka Ipelele na wanawake watatu wa jumuiya yake, wamevaa vitenge vya sare, kuja kusikia tangazo la tatu. Aliniambia nimepauka. Nilimwambia ni baridi.

Mchungaji alisoma matangazo. Wawili wa mtaa wa Ramadhani... hapana, hata majina yao sikuyashika. Nilisikia mara ya kwanza, mara ya kwanza, mara ya tatu, na hiyo mara ya tatu haikuwa yetu. Kisha akafunga kitabu.

"Amesahau?" mama aliniuliza kwa sauti ndogo. Nyuma yangu benchi zima lilikuwa limeanza kunong'ona. Shangazi Fidelia hakunong'ona. Alinyanyua kidevu.

Nilimkuta Efraimu nje, upande wa tangi la maji, amevaa suti aliyoinunua kwa ajili ya siku ile.

"Umevunja," nilisema.

"Sijavunja. Nimemwomba mchungaji asisome kwanza."

"Tofauti yake nini?"

"Ndege ikiwa na hitilafu hatuitupi. Inakaa chini mpaka tuipate." Macho yake yalikuwa mekundu, hakulala huyu, kama mimi. "Umeniambia mimi. Aliyepoteza jicho si mimi."

"Nitamwambia leo."

Nilikusudia kweli. Nilikwenda na mama mpaka nyumbani kwa Mzee, Mjimwema, nikaingia sebuleni, na sebule ilikuwa imejaa watu wanaotaka kujua kulikoni. Shangazi Fidelia alikuwa wa kwanza.

"Kaka, tuambie. Wageni wametoka Makete, tangazo halikusomwa. Binti ana nini?"

Mama yangu aliinamisha kichwa. Nikafungua mdomo, lakini Mzee Ebeneza alinyoosha mkono akaashiria watu wanyamaze, kama anavyoinyamazisha kwaya.

"Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyeomba wangoje. Nataka nirudi kliniki kwanza, niwe na nguvu ya kusimama harusini. Msimtazame vibaya mkwe wangu."

Hakuwa ameomba kitu. Hakujua hata kwa nini tangazo halikusomwa. Alisikia tu watu wanakaribia kuniaibisha mbele ya mama yangu, akajitupa katikati. Efraimu alinitazama kutoka mlangoni, kisha akatoka nje. Mimi nilikaa chini. Mzee alipapasa kiti cha kulia kwake, upande asioona, akauliza, "Rebeka yuko hapa?" Nikasema niko hapa, Baba. Nikashindwa kusema lingine.

*

Jumatatu tulifika Songwe mapema. Njia nzima Efraimu alikaa mbele na dereva, akizungumza habari za barabara. Kwenye ukaguzi nilivua viatu, nikavaa, nikavua tena bila kuambiwa. Mzee alinishika mkono akidhani ananisaidia mimi, nami nikidhani namsaidia yeye.

Ndani ya ndege mimi nilikaa dirishani upande wa kulia, Mzee pembeni yangu, na Efraimu ng'ambo ya ujia, mstari huo huo. Mhudumu alisimama kutuonyesha mkanda na milango.

"Anafanya nini?" Mzee aliniuliza.

"Anaonyesha namna ya kufunga mkanda, Baba. Sasa anaonyesha milango. Wa karibu uko nyuma."

"Viti vingapi?"

Niligeuka nikahesabu. "Mistari mitano."

"Vizuri," alisema Efraimu, akitazama mbele. Lilikuwa neno la kwanza kuniambia siku hiyo. "Hata gizani utaupata kwa kuhesabu."

Ndege iligeuka, ikasimama, ikanguruma. Kisha ikakimbia. Nilisukumwa kwenye kiti na mkono wangu wa kulia ukaanza wenyewe. Uligonga ukuta wa ndege. Mara mbili, kwa vifundo vya vidole.

"Unagonga nini, mwanangu?"

"Nashuka, Baba."

Alicheka mpaka akakohoa. Ardhi ikatuacha. Chini ya miguu kukasikika kishindo, moyo ukanipasuka.

"Magurudumu yanaingia ndani," alisema Efraimu kwa sauti ya chini. Baada ya muda mngurumo ulipungua ghafla, nikahisi tunazama. "Wamepunguza nguvu ya injini. Hatuzami. Kila ndege hufanya hivyo." Hakunitazama, lakini kila kishindo alikitolea jina kabla sijalia. Tukaingia mawinguni, ndege ikatikisika, nikafumba macho, nikasema moyoni: matuta, matuta, matuta. Ikatikisika kweli kweli. Kisha ikaacha.

"Rebeka," Mzee aliniita. "Fumbua macho."

"Umejuaje nimefumba?"

"Unapumua kama mtu aliyefumba. Fumbua, unieleze. Mimi upande huo sioni kitu. Kuna nini?"

Nilifumbua. Mawingu yalikuwa yamebaki nyuma, yamekatika vipande, na chini kulikuwa na nchi nzima, kijani, na vivuli vya mawingu vimelala juu ya mashamba. Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri namna ile. Nikakumbuka kwamba Juni alipaswa kukiona yeye, kwa macho yake.

"Kuna ukungu?" aliuliza.

Swali la mtu anayepiga soga. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu, mkavu, na kidole kimoja kilikuwa kinapiga mapigo ya wimbo fulani. Nilitazama huku na huku. Mbele viti, nyuma viti, pembeni dirisha lisilofunguka. Pa kushukia hapakuwepo.

"Hakuna, Baba," nilisema. "Ni kweupe. Na siku ile pia kulikuwa kweupe."

"Siku ipi?"

"Ile Ijumaa ya Juni. Hakukuwa na ukungu. Ndege ilikuja, ikatua saa nne. Mimi niliogopa kupanda, nikakudanganya, nikakupandisha basi. Jicho lako nimelipoteza mimi, Baba. Efraimu alijua juzi tu, ndiyo maana hakutaka tangazo lisomwe."

Kidole kilisimama. Kisha mkono wote ukaondoka.

Mhudumu alipita na maji. Mzee alichukua kikombe, akanywa chote, akakirudisha, akamshukuru. Efraimu alikuwa ametazama kiti cha mbele yake, mikono juu ya magoti. Nilingoja Mzee anifokee. Nilitamani anifokee. Dakika zilipita, na katika dakika hizo nilisahau kabisa kwamba niko angani.

"Jicho langu halirudi, Rebeka," alisema mwishowe. Siku zote alikuwa akiniita mwanangu.

"Najua, Baba."

"Na jana mimi nilisema uwongo mbele ya watu, kwa ajili yako. Tena Jumapili. Huo nitamweleza mchungaji mwenyewe." Alipapasa mkanda wake. "Ungeniambia asubuhi ile kwamba unaogopa. Na mimi nilikuwa naogopa. Tungeshikana mikono tukaenda."

Hapo nililia. Nililia bila sauti, uso nimeugeuzia dirishani, kwa sababu sikuona nina haki ya kulilia mbele yake. Kitu kikanigusa begani. Efraimu alikuwa amejinyoosha juu ya baba yake, leso mkononi, inanukia sabuni ya unga.

"Futa," alisema. "Huwezi kuona."

Nilifuta.

"Sasa chini kuna nini?" Mzee aliuliza.

"Baba?"

"Nakuuliza chini kuna nini. Upande huo nilikuwa na jicho. Sasa uko wewe. Fanya kazi yake."

Niliegemeza paji la uso kwenye dirisha. "Kuna mji, Baba. Mabati yanang'aa. Barabara tatu zinakutana." Nililifuta dirisha kwa leso. "Ni Makambako."

"Malori yapo?"

"Yapo. Madogo sana. Na reli. Na ile barabara tuliyopita na basi."

"Inaonekana ndefu?"

"Ndefu, Baba."

Alirudisha mkono wake, taratibu, mpaka ukaupata wangu. Hakuukamata kama zamani. Aliuweka tu.

"Endelea," alisema. "Usiruke kitu, mwanangu. Na usiongeze."